Kwa Nini Keateka Anakataza Koili: Historia ya Joto la Stima katika Nyumba za Kupanga Makadara

Kila mwaka baridi ya Juni ikianza kuingia, kuna swali linalonifikia kwa meseji kutoka kwa watu wa mtaani: "Wewe ni mtu wa kompyuta, hebu niambie, ninunue hita gani?" (Huku Makadara mtu wa kompyuta anahesabiwa kuwa fundi wa kila kitu chenye waya. Nimeshazoea.) Swali ni zuri, lakini jibu lake halijaandikwa kwenye boksi la hita yoyote. Linategemea nyumba unayopanga ilijengwa lini, nani aliijenga, na waya zake ziliwekwa kwa kazi gani. Kwa hiyo leo tunaanza na historia. Hesabu za wati zitafuata, msikimbie.

Historia ambayo kampuni ya stima imekuwa ikijisimulia huanzia Zanzibar. Inasema kwamba mwaka 1875 Sultani Seyyid Barghash alipata jenereta ya kuangazia kasri lake. (Balbu ya Edison ilikuja 1879, kwa hiyo kama tarehe hiyo ni ya kweli, basi Sultani aliwasha zile taa za zamani za cheche kati ya vijiti viwili vya kaboni. Mimi nina shaka na tarehe, lakini tuiache.) Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, akaichukua mashine hiyo na kuitia katika kampuni ya Mombasa Electric Power and Lighting. Mwaka huo huo Nairobi nayo ikapata kampuni yake yenye haki ya peke yake ya kusambaza stima mjini. Mwaka 1922 hizo mbili zikaungana na kuwa East African Power and Lighting. Jina hilo lilidumu hadi 1983 lilipogeuzwa kuwa Kenya Power and Lighting, ile KPLC ambayo wazee wetu bado wanaitaja, na tangu 2011 tunaiita Kenya Power.

Sasa hebu soma majina hayo taratibu. Yote yanasema nguvu na taa. Nguvu ya kuzungusha mashine za viwandani, taa za kuangazia nyumba. Joto halimo. Huenda mtu akasema nachezea maneno, lakini ukipanga chumba Maringo au Hamza na ukafungua kile kisanduku cha fyuzi mlangoni, utakuta mpango ni ule ule: waya mwembamba wa balbu, soketi moja au mbili, basi.

Mitaa yetu hii ilijengwa kama mahali pa kulala wafanyakazi. Reli ilikuwa na nyumba zake Muthurwa na baadaye Makongeni. Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940. Mwaka 1948 ukatolewa mpango mkuu wa Nairobi, ulioandikwa na Thornton White, Silberman na Anderson, ambao uliuona mji huu kama makao makuu ya koloni na ukapendekeza mitaa ipangwe kwa vitongoji vyenye shule, maduka na viwanja vyake. Katika miaka ya 1950 zikafuata nyumba nyingi za baraza la mji: Mbotela, ikiitwa kwa jina la Tom Mbotela aliyeuawa Novemba 1952, na zile Ofafa mbalimbali, kwa jina la diwani Ambrose Ofafa, naye aliyeuawa wakati wa vita vya Mau Mau. Jericho, Jerusalem, Maringo, Makadara yenyewe, zote ni za ukoo huo. Nyingi zilikuwa za chumba kimoja au viwili, na katika mitaa kadhaa bafu na choo vilikuwa vya kushirikiana. Kuna mahali ambapo mtu alikodishwa kitanda, chumba hakikuwa chake.

Jambo kubwa katika hadithi hii ni kwamba karibu kila mtu alikuwa mpangaji. Mwenye nyumba alikuwa baraza la mji au reli, na mpangaji hakuwa na ruhusa ya kutoboa ukuta wala kubadilisha waya. Ukivuka mji kwenda Muthaiga au Karen utakuta nyumba za enzi hizo zina mahali pa kuwashia moto wa kuni sebuleni, pamejengwa kwa mawe, na dohani juu yake. Waliojenga walijua fika kwamba Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari na kwamba usiku wa Julai baridi hushuka hadi nyuzi kumi hivi. Upande wa huku joto liliachiwa mpangaji ajitafutie, na mpangaji akajitafutia makaa.

Na makaa yalikuwa na mafundi wake hapo hapo jirani. Majiko ya bati yaligongwa Shauri Moyo na Kamukunji, na bado yanagongwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 likaja lile jiko lenye kiuno chembamba na udongo wa kuchoma ndani, ambalo wazo lake lilitokana na majiko ya Thailand na likaenezwa na shirika la KENGO pamoja na mafundi wa jua kali. Lilipunguza makaa kiasi cha kuonekana mfukoni. Mimi huwa nasema kwamba lile jiko ni toleo la pili lililofanikiwa, jambo ambalo sisi waandishi wa programu tunalijua ni adimu! Stima ilipokuja kutafuta nafasi ya kupika na kupasha moto Eastlands, ilikuta mshindani aliyeboreshwa tayari.

Tuje kwenye koili. Waya unaoweza kuwaka mwekundu kwa miaka bila kuungua ulipatikana mwaka 1906, Albert Marsh wa Marekani alipopata hataza ya mchanganyiko wa nikeli na kromu. Kabla ya hapo waya za joto zilikuwa zikiungua zikiwekwa hewani. Kila kitu cha joto ulichonacho nyumbani, pasi, birika la stima, hita, shawa, ni mjukuu wa waya huo. Jiko la koili ndilo mjukuu wa bei ya chini kuliko wote: sahani ya udongo yenye mifereji, waya umelazwa ndani, ncha mbili zikaingia kwenye plagi. Fundi wa Gikomba anakutengenezea ukisubiri.

Hapo ndipo keateka anapoingia. Kwa miaka mingi ploti nyingi za Eastlands zilikuwa na mita moja tu, ya mwenye ploti. Mpangaji alilipa kodi "pamoja na stima" au nyongeza ya kila mwezi isiyobadilika. Sasa fikiria vyumba kumi na mbili kwenye mita moja. Balbu ya wati 60 ikiwaka saa tano kila usiku inakula uniti 9 kwa mwezi. Koili ya wati 1,000 ikipika saa mbili kwa siku inakula uniti 60. Mpangaji mmoja mwenye koili anatumia zaidi ya balbu za majirani sita. Mwenye ploti haoni nani anatumia, anaona bili tu. Dawa yake ikawa tangazo ukutani: hakuna koili, hakuna hita, pasi kwa ruhusa. Na ukaguzi wa ghafla, na koili inayofichwa chini ya kitanda ikiwa bado moto... Mioto ya namna hiyo mnaijua, sina haja ya kuieleza.

Kwa hiyo marufuku ya koili ilianza kama tatizo la kuhesabu. Mfumo haukujua mtumiaji ni nani, ukaamua kuwazuia wote. Mtu yeyote aliyewahi kuendesha seva inayoshirikiwa na wateja wengi anaifahamu hali hii.

Mambo yalianza kubadilika mwishoni mwa miaka ya 2000 mita za tokeni zilipoanza kusambazwa. Wenye ploti wengine waliweka mita ndogo kwa kila chumba. Sasa kila mtu analipa uniti zake. Ungetarajia marufuku iondoke, lakini katika ploti nyingi tangazo bado liko ukutani, na safari hii keateka ana haki zaidi kuliko zamani. Mita zilibadilishwa, waya hazikubadilishwa. Nyuma ya mita mpya ya dijitali kuna waya ule ule wa balbu uliowekwa na fundi ambaye pengine alishastaafu akarudi ushago. Ni kama kuweka ukurasa mpya mzuri mbele ya programu ya zamani ambayo hakuna anayethubutu kuigusa.

Ukishuka kutoka Hamza kuelekea Viwandani, ambayo nayo ni wadi ya Makadara, hadithi inageuka kichwa chini. Katika vijiji vya Mukuru watu wengi kwa muda mrefu walipata stima kwa waya za kuunganishwa kienyeji, wakilipa kiasi kimoja kila mwezi kwa aliyewaunganishia. Bei ikiwa moja, utumie kidogo au utumie sana, hakuna sababu ya kuzima koili. Matokeo yake ni kwamba watu wenye stima isiyo rasmi kabisa walikuwa ndio wanaopikia stima, huku mwenye mita halali Buruburu akinunua gesi! Mwanzoni mwa miaka ya 2010, kwa msaada wa Benki ya Dunia, kampuni iliteremsha ada ya kuunganishwa kwa wakazi wa mitaa hiyo hadi shilingi 1,160. Wengi walijiunga. Lakini koili yako ikishahamia kwenye mita ya tokeni unaanza kuiona ikihesabiwa, na makaa yanarudi jikoni. Sisemi waya za kienyeji ni nzuri, zimeua watu. Nasema bei ndiyo iliyoamua nani apate joto.

Mgeni mwingine wa nyumba za kupanga ni shawa ya umeme, ile ambayo wengi huiita Lorenzetti hata ikiwa imetengenezwa na kampuni nyingine. Imetoka mbali. Sifa ya kuibuni hupewa Francisco Canhos wa mji wa Jaú, Brazili, katika miaka ya 1930, na Lorenzetti ni kampuni ya São Paulo iliyoanzishwa 1923. Brazili ilikuwa na tatizo kama letu: watu wengi mjini, stima ya mabwawa, na nyumba zisizo na mabomba ya maji moto. Badala ya kuchemsha tanki zima, wakaweka koili ndani ya kichwa cha shawa. Kwetu ikapata umaarufu mkubwa, na ikatubidi tujifunze kununua aina ya maji ya chumvi, maana maji ya visima vya Nairobi yanakula koili ya kawaida na pia yanapitisha stima vizuri zaidi kuliko unavyotaka ukiwa umesimama chini yake.

Hapa ndipo hesabu inapokuwa muhimu. Chukua shawa iliyoandikwa wati 5,500 kwa volti 220. Stima yetu ni ya volti 240. Nguvu hupanda kwa mraba wa volti, kwa hiyo shawa hiyo hiyo hapa kwetu inavuta karibu wati 6,500, yaani ampea 27. Sasa tuseme ploti yako ina laini kuu ya ampea 60. Saa kumi na moja asubuhi wapangaji wawili wakioga pamoja wanafika ampea 54. Wa tatu akifungua maji, ploti nzima iko gizani na yeye ana sabuni machoni. Shawa moja inataka waya wake peke yake kutoka kwenye kisanduku, wa milimita za mraba 4 au 6, swichi yake kubwa, na waya wa ardhi unaofika ardhini kweli. Kwenye nyumba yako unalipia mara moja. Kwenye nyumba ya kupanga utalipia ukuta wa mtu mwingine, na ukihama unauacha.

Serikali nayo ilijaribu njia yake. Kanuni za mwaka 2012 kuhusu maji moto ya jua zilitaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yaweke mitambo ya jua, na majengo yaliyokuwepo yakapewa miaka mitano. Wazo zuri sana kwenye karatasi. Lakini anayelipia paneli ni mwenye nyumba, na anayefaidi bili nafuu ni mpangaji. Tazama paa za Eastlands uone nani alishinda.

Sasa chumba chenyewe. Kwanza niondoe uongo mmoja wa dukani: hita ya feni, hita ya mafuta, hita ya kioo chekundu, zote zikivuta wati 1,000 zinatoa joto la wati 1,000. Hakuna yenye "teknolojia" ya kukupa zaidi. Tofauti ni joto linaelekea wapi. Ya feni inapasha hewa, ya kioo inakupiga wewe uliyekaa mbele yake, ya mafuta inachelewa kupata moto na inachelewa kupoa.

Chukua chumba cha mita 3 kwa 3 chenye kuta za mawe na paa la bati lisilo na dari. Kuipasha hewa iliyomo kwa nyuzi 6 ni rahisi ajabu, haifiki hata uniti 0.05. Tatizo ni kwamba joto halikai. Kwa makadirio yangu bati peke yake linavujisha wati 400 hivi kwa tofauti hiyo, kuta zinakaribia kiasi hicho hicho, na bado sijataja mwanya chini ya mlango. Kwa hiyo hita ya wati 1,000 itabidi iwake muda wote uliomo ndani. Saa nne kila usiku ni uniti 4, kwa mwezi uniti 120. Tukichukua shilingi 28 kwa uniti kwa hesabu rahisi, hiyo ni shilingi 3,360 za kupasha moto anga la Makadara.

Na kuna mtego mwingine. Katika mpangilio wa bei ulioanza Aprili 2023, wateja wa nyumbani wamegawanywa kwa matumizi: hadi uniti 30, hadi 100, na zaidi ya hapo. Daraja lako huamuliwa kwa wastani wa miezi mitatu. Yaani hita ya Julai inaweza kukupandishia bei ya taa za Septemba, baridi ikiwa imeshaisha.

Basi watu wanarudi kwa jiko la makaa, wanaliingiza ndani, wanafunga dirisha. Hili ndilo linalonifanya niandike haya yote. Kila msimu wa baridi Idara ya Hali ya Hewa inatoa onyo kuhusu makaa ndani ya nyumba zisizopitisha hewa, na kila msimu tunasikia habari za familia ambayo haikuamka. Hewa ya monoksidi ya kaboni haina harufu, na jiko linaloonekana limebaki makaa mekundu tu, bila moshi, ndilo linalodanganya zaidi. Huyo aliyelala karibu na jiko hakuwa mjinga. Alipiga hesabu ile ile ya shilingi 3,360 bila kalamu.

Ninachowaambia wapangaji wenzangu ni waachane na chumba, wapashe mtu. Chupa ya mpira ya lita 2 ikijazwa maji ya nyuzi 80 inabeba joto la uniti 0.15 hivi, shilingi nne, na ukiiweka chini ya blanketi inakaa na wewe hadi usiku wa manane. Blanketi la umeme la wati 80 kwa saa nne ni uniti 0.32. Kwa mwezi mzima halifiki uniti 10, na soketi yoyote ya ploti inalimudu. Lakini nunua lenye kujizima lenyewe, na usilikunje likiwa linawaka.

Kuoga nako ni hivyo hivyo. Ndoo ya lita 15 kutoka nyuzi 18 hadi 38 inataka uniti 0.35. Shawa ya dakika sita inatumia uniti 0.65, lakini hiyo ni kwa sababu imetoa maji mengi zaidi, ubora haupo kwa upande wowote. Ile hita ya kutumbukiza kwenye ndoo inafanya kazi hiyo kwa chini ya robo saa na haisumbui waya, ila mtu akitia mkono kupima maji kabla ya kuizima, mambo yanaweza kuishia hapo, na watoto hawasubiri. Mimi natumia birika la stima la kawaida. Maji ya Nairobi huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwenye 95 hivi kwa sababu ya mwinuko wetu, na lita 4 za maji hayo zikichanganywa na lita 11 za bomba zinatoa ndoo ya kuogea. Birika mbili. Linajizima lenyewe, linavuta wati 2,000 kwa dakika chache, linajaza ile chupa ya mpira pia, na siku ya kuhama linaingia kwenye kikapu.

Kama umeshaamua lazima upate shawa, basi kabla hujalipa deposti mwombe keateka akufungulie kisanduku cha fyuzi. Angalia kama kuna waya mnene unaoenda bafuni peke yake na swichi yake. Uliza laini kuu ni ya ampea ngapi na shawa ngapi tayari ziko kwenye ploti. Uliza pia waya wa ardhi umezikwa wapi. Akikuonyesha chuma kilichochomekwa nje karibu na mfereji na waya umeshikana nacho vizuri, endelea na mazungumzo ya kodi.